Kivumacho

Mwenyekiti ameniachia karatasi moja na kalamu inayokohoa:
Andika tangazo. Jumatano droni inakuja
kupulizia mikorosho ya Kitangari,
kuanzia kwa Chinduli mpaka bondeni.
Andika, wazee waelewe.

Nikaandika droni. Nikalitazama.
Limekaa mstarini kama mgeni aliyekataa kiti.
Nikafungua kamusi ya shule, ile iliyoliwa na mchwa
toka herufi ya S kwenda mbele,
nikakuta Waingereza wamelipa neno hili kazi nne
kwa mshahara mmoja:
nyuki dume, asiyechuma wala kuuma;
mvumo mzito, usiopanda wala kushuka;
mtu aongeaye mpaka wasikilizaji wahesabu misumari ya bati;
na hiki kidude chenye mapanga.

Nilicheka peke yangu ofisini.
Huyo wa tatu ninamjua. Ana mhuri.

Na sisi je?
Kwetu upepo wa Julai ukipanda ukingo wa Newala, huvuma,
unatoka Ruvuma, mto wenye neno lenyewe tumboni,
sijui kwa kusudi au kwa bahati.
Ngoma huvuma. Nyuki wa dari la zahanati huvuma.
Jina la mtu huvuma, kisha kimya, utadhani hakuzaliwa.
Na bei huvuma:
imefika elfu nne, imevuka elfu nne,
nani kasema? Kasema aliyesikia.
Huyo ni uvumi, mtoto asiyefanana na baba yake,
hutangulia mnada kijijini
na bakuli la kangomba kwapani.

Mama yangu, Somoe biti Nangomwa,
misimu kumi na tisa alibeba mashine ya salfa mgongoni
kama mtoto aliyegoma kuachishwa ziwa.
Puani alifunga kitambaa, pua waliambiwa.
Masikio, nani angeyafikiria?
Ubwiriunga ulikoma. Mashine ikauzwa chuma chakavu.
Kichwani mwake haijazimwa mpaka leo.

Yavuma, huniambia usiku,
kwa sauti ya mtu anayetaja manyunyu.
Daktari wa Ndanda aliandika neno refu, hakulifasiri,
akampa vidonge vya usingizi.
Nikamuuliza mimi: inafanana na nini?
Si nyuki, akasema, nyuki huchoka.
Si upepo, upepo una kwao.
Akafumba midomo, akaitoa puani,
mmmm,
sauti moja, ndefu, isiyo na kona,
akinitazama kama mtu aliyekufungulia chumba chake
na ndani hamna pa kukaa.

Jumatano ikafika, na droni ikafika.
Mbuzi walikata kamba.
Kijana wa kofia alibonyeza kitu, ikapaa,
ikamwaga weupe juu ya mikorosho ya Chinduli,
na Kitangari nzima ikainua nyuso, midomo wazi.
Mama alikuwa kizingitini anabangua korosho,
vidole vyeusi kwa utomvu.
Hakuinua uso.
Imekuja?
Iko juu ya kichwa chako, mama.
Akapasua nyingine, akaipuliza ganda.
Basi, leo na nyinyi mnasikia.

Tangazo lilishabandikwa kwenye mlango wa ghala.
Niliandika ndegenyuki, mwenyekiti akalipenda,
akaligongea mhuri mara mbili.
Niliandika siku, saa, na kwamba kuku wafungiwe.
Chini palibaki mistari mitatu mitupu.

Na bondeni, kwenye mteremko ambako kidude hakifiki,
Hassani wa Chinduli amejitwika pampu ya mota,
ana miaka kumi na minane,
kitambaa kipya puani.
Nilimwita mara tatu.
Alinipungia mkono.